Kuchomwa Mara Moja Tu: Somo Kuhusu Mionzi kwa Uvimbe wa Mapafu



Tunapotembelea vikundi tumeulizwa swali moja mara nyingi, nasi tumeona afadhali tulijibu hapa ili kila kikundi kisome kwa pamoja. Swali lenyewe ni hili: Je, ni kweli siku hizi kuna mashine inayochoma kansa ya mapafu kwa siku moja, na mgonjwa akarudi nyumbani jioni?

Ni kweli. Lakini jambo hili lina masharti yake, na wengi wetu tumesikia habari ya siku moja bila kusikia masharti. Kuna kikundi kimoja cha akina mama tulichokitembelea mambo yakiwa yameshaharibika. Mwenzao alikuwa amekohoa karibu mwaka mzima. Mtoto wa mwenyekiti, ambaye hufanya kazi Nairobi, akapiga simu akasema kuna mashine ya siku moja. Basi wakafanya harambee. Wakasimamisha merry-go-round kwa miezi miwili, wakauza mtamba wa kikundi. Wakapiga hesabu: nauli ya watu wawili, usiku mmoja kwa jamaa, na malipo ya mashine. Kufika hospitalini wakaambiwa kwanza skani, halafu wakatwe kipande kidogo cha nyama ya uvimbe kikapimwe, halafu warudi kuchukua majibu, halafu skani nyingine. Pesa ziliisha katika safari ya pili. Parokia ilipochanga na vipimo vikakamilika, uvimbe ulikuwa umeshafika kwenye tezi za katikati ya kifua, na mashine ya siku moja haikumfaa tena. Alianzishiwa dawa za kansa za kuwekewa kwa mshipa. Kikundi nacho kilibaki na deni, na manung'uniko ya nani alisema auzwe yule mtamba.

Hakuna aliyemdanganya mwenzake katika mambo haya. Kijana alisema ukweli, ila alisema nusu yake. Katika somo hili tunataka kuijua ile nusu nyingine.

KUCHOMWA NI NINI?

Watu wetu husema mgonjwa wa kansa "anaenda kuchomwa". Neno hili huwatisha wengi, hata wengine hukataa kwenda. Hakuna moto wala chuma cha moto. Ni mionzi, jamaa moja na ile inayopiga picha ya kifua katika hospitali ya wilaya, ila hii ina nguvu nyingi zaidi. Mgonjwa hulala juu ya kitanda, mashine inamzunguka, naye hasikii maumivu wakati huo. Mionzi huharibu mbegu za uhai ndani ya chembe za kansa hata zisiweze kuzaana tena.

Taabu ni kwamba mionzi haina macho. Ikipita katika nyama nzuri inaharibu huko pia. Kwa hiyo tangu zamani madaktari waligawanya dawa hii vipande vidogo vidogo. Mionzi hupimwa kwa kipimo kiitwacho grei, kama vile mahindi hupimwa kwa kilo. Mgonjwa wa kansa ya mapafu alipewa kama grei 2 kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, hata zikafika 60. Hizo ni siku 30 za matibabu, yaani wiki sita. Nyama nzuri hupata nafasi ya kujitengeneza usiku, kansa hushindwa kujitengeneza vizuri hivyo, na polepole inakwisha.

Wiki sita si jambo kubwa kwa mtu anayekaa karibu na hospitali. Lakini kwa mtu wa Tana River ama Turkana, wiki sita ni kutafuta mahali pa kulala mjini, chakula, mtu wa kumsindikiza, na mtu wa kubaki na watoto na ng'ombe. Tumeona wagonjwa walioacha katikati kwa sababu pesa za chumba zimeisha, si kwa sababu ya ugonjwa. Na kwa miaka mingi mashine za mionzi za serikali zilikuwa Kenyatta National Hospital peke yake. Kwa hiyo msishangae watu wakichangamka wanaposikia "siku moja".

TOCHI NYINGI, PANYA MMOJA

Sasa tuingie katika hiyo njia ya siku moja. Wazo lake lilianza Sweden. Mwaka 1951 daktari wa upasuaji wa ubongo, Lars Leksell, alifikiria kuelekeza mionzi mingi myembamba kutoka pande nyingi ili ikutane mahali pamoja ndani ya kichwa, bila kukifungua kwa kisu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, hapo hapo Stockholm katika hospitali ya Karolinska, mtaalamu wa fizikia Ingmar Lax na daktari Henric Blomgren walilitoa wazo hilo kichwani wakalileta kwenye mapafu na ini. Jina lake la kitaalamu ni mionzi ya stereotaksi. Katika barua za hospitali mtaona herufi SBRT ama SABR. Ni kitu kimoja.

Fikirini usiku panya ameingia kwenye paa la makuti. Watu kumi wamesimama kuizunguka nyumba, kila mmoja na tochi yake ndogo. Tochi moja peke yake haiangazi sana, na mahali inapopita unaona mwanga hafifu tu. Lakini wote kumi wakimmulika yule panya, pale alipo panakuwa kama mchana. Mashine hufanya hivyo. Kila mwale unaopita katika ngozi, mbavu na pafu zuri ni mdogo. Pale unapokutana na mingine, ndani ya uvimbe, nguvu inakuwa kubwa mno.

Kwa sababu nguvu imekusanywa mahali padogo, daktari anaweza kutoa nyingi kwa wakati mmoja. Mtu atauliza, grei 34 kwa siku moja si ni chache kuliko 60? Hapana, si chache. Ukimpiga nyoka fimbo moja kila siku kwa siku 30 atapata nafasi ya kupona kati ya fimbo na fimbo. Grei 34 za mara moja haziachi nafasi hiyo. Kwa hesabu wanayotumia madaktari kulinganisha nguvu, zinaumiza uvimbe kama mara mbili ya zile 60 za wiki sita. Na hapo hapo ndipo penye hatari. Kipimo kama hicho kikikosea njia kikaingia kwenye nyama nzuri, hakuna kesho ya kurekebisha.

Tena kuna jambo ambalo kichwa hakina, nalo ni pumzi. Kichwa unaweza kukifunga kisitikisike, lakini pafu hupanda na kushuka, na uvimbe unaenda nalo, wakati mwingine kwa zaidi ya upana wa kidole. Ni kama kutunga uzi kwenye sindano ndani ya matatu. Kwa hiyo kabla ya siku yenyewe mgonjwa hupigwa skani maalum inayoonyesha uvimbe unavyosogea pumzi ikiingia na kutoka. Hutengenezewa godoro linaloshika umbo la mwili wake ili alale vile vile kila mara. Hospitali nyingine humbana tumbo kidogo ili apumue kwa wepesi, nyingine humwambia abane pumzi, na zipo mashine zinazofuata uvimbe unavyokwenda. Baadaye mtaalamu wa fizikia na daktari hukaa siku kadhaa wakipiga hesabu ya kila mwale upite wapi. Siku ya matibabu mgonjwa anaweza kukaa chumbani nusu saa ama saa nzima. Hiyo ndiyo "siku moja" mnayosikia. Ni siku ya mwisho ya kazi ya majuma.

IMEJARIBIWA?

Imejaribiwa, na majibu yameandikwa. Marekani, kati ya 2009 na 2011, wagonjwa 94 wenye uvimbe mdogo wa kansa pembeni mwa pafu waligawanywa mafungu mawili kwa kura. Fungu moja lilipata grei 34 mara moja. La pili lilipata grei 48 kwa siku nne. Baada ya mwaka mmoja uvimbe ulikuwa umedhibitiwa kwa watu 97 katika kila 100 wa fungu la mara moja, na kama 93 wa fungu la siku nne. Madhara makubwa yalikuwa karibu sawa: kama mtu mmoja katika kila kumi kwa lile la kwanza, na zaidi kidogo kwa la pili.

Tusifiche upande mwingine. Baada ya miaka mitano, katika mafungu yote mawili waliokuwa hai walikuwa chini ya nusu. Lakini kumbukeni ni nani hawa. Walikuwa watu ambao moyo ama mapafu yao yalikuwa dhaifu hata hawangeweza kupasuliwa, na wengi wa namna hiyo huchukuliwa na magonjwa mengine. Mtu mwenye nguvu ambaye kansa yake ni ndogo, bado daktari atamwambia kwanza juu ya upasuaji.

Jaribio lingine lilifanyika Australia na New Zealand, likachapishwa 2021. Hawa walikuwa wagonjwa 90 ambao kansa ilianzia kwingine, kwa mfano utumbo, ikatupa vipande mapafuni, lakini visivyozidi vitatu. Grei 28 za mara moja zililinganishwa na 48 za siku nne. Matokeo yakakaribiana, na ile ya mara moja ikawa na gharama ndogo. Tunalitaja kwa sababu wengine hufikiri kansa ikishatembea hakuna la kufanya. Kwa wachache, yenye vipande vichache, lipo.

INAMFAA NANI, NA NANI HAIMFAI

Uvimbe uwe mdogo. Katika majaribio haya ulikuwa sentimita 5 ama chini ya hapo, yaani usiozidi limau kubwa. Uwe pembeni mwa pafu, mbali na njia kubwa za hewa. Na kama kansa ilianzia pafuni penyewe, isiwe imefika kwenye tezi.

Hili la pembeni mtu aweza kulidharau, kwa hiyo tulieleze. Mwaka 2006 madaktari wa Marekani waliandika kwamba wagonjwa waliochomwa kwa nguvu nyingi karibu na njia kubwa za hewa, katikati ya kifua, walipata madhara mabaya zaidi, na wengine walikufa. Pale katikati kuna moyo, koo la chakula na mishipa mikubwa. Ukipalilia gugu lililo katikati ya mistari ya mahindi unatumia jembe bila wasiwasi. Likiwa limekumbatia shina la hindi, unang'oa kwa vidole, polepole. Vivyo hivyo uvimbe ulio katikati hupewa mionzi kwa siku nyingi zaidi, ama njia nyingine kabisa. Kwa hiyo daktari akisema mgonjwa wenu haifai siku moja bali siku tano, nane ama wiki sita, msidhani anataka pesa. Huenda anamlinda.

KIKOHOZI KISICHOKWISHA

Hapa ndipo tunapotaka kikundi kikae zaidi, kwa sababu mashine iko mbali lakini kikohozi kiko nyumbani kwetu.

Uvimbe mdogo pembeni mwa pafu mara nyingi hauumi wala hauleti kikohozi. Katika nchi tajiri wengi hupatikana kwa sababu watu waliovuta sigara miaka mingi huitwa kupigwa skani wakiwa wazima. Sisi hatuna mpango kama huo vijijini. Uvimbe mdogo kwetu huonekana kwa bahati, mtu akipigwa picha ya kifua kwa sababu ya ajali, ama kazi, ama TB. Na hapo ndipo wengi hupotelea. Picha inaonyesha doa la mviringo, mtu anaambiwa "tutaangalia", anarudi nyumbani, picha inawekwa chini ya godoro.

Halafu kuna TB yenyewe. Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, kupungua mwili, jasho la usiku, damu kwenye makohozi: dalili hizi ni za TB, na kansa ya mapafu inaweza kuleta hizo hizo. Kwetu Kenya TB ni ya kawaida zaidi, kwa hiyo ni haki daktari aanze kutafuta TB, na katika vituo vya serikali vipimo na dawa zake ni bure. Hatusemi mtu akatae dawa za TB, wala asiziache katikati. Tunalosema ni hili: yule mama wa mtamba alipimwa makohozi mara mbili, TB haikuonekana mara zote mbili, na bado alipewa dawa za TB kwa miezi sita bila mtu kuuliza. Hiyo miezi sita ndiyo ilikuwa nafasi yake.

Basi mwenzenu akianza dawa za TB ilhali makohozi hayakuonyesha kitu, na baada ya mwezi mmoja ama miwili hakuna nafuu, asisubiri mpaka mwisho. Arudi na mtu wa kumsindikiza, waulize kwa heshima: "Daktari, kama si TB, yaweza kuwa nini? Tunaweza kupata barua ya kwenda kupigwa skani?" Mara nyingi mgonjwa peke yake huogopa kuuliza. Wakiwa wawili inakuwa rahisi. Wanaovuta sigara, ama waliovuta zamani, wasemewe hivyo wazi, maana hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote. Lakini msimwache mama asiyevuta kwa kusema hawezi kuipata. Wapo wanaoipata bila kuvuta hata moja, na moshi wa kuni jikoni wataalamu wameuweka kati ya vitu ambavyo huenda vinaleta kansa hii.

HESABU YA PESA

Kama kikundi kinataka kumsaidia mwenzao, kisipige hesabu ya siku moja. Pigeni hesabu ya safari nne ama tano: ya skani, ya kukatwa kipande na kupimwa, ya majibu na kuonana na madaktari, ya ile skani ya kupanga mionzi, na ya matibabu yenyewe. Baadaye kuna za kurudi kuangaliwa kila baada ya miezi kadhaa. Harambee kubwa ya mara moja huleta pesa nyingi ambazo huisha haraka. Sisi tungependelea mchango mdogo wa kila mwezi unaowekwa kando kwa nauli, na mtunza hazina aandike kila safari.

Kwanza kabisa, mgonjwa awe amejiandikisha SHA na malipo yake yako sawa. Tangu Oktoba 2024 SHA ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF, na kadi ya zamani haitamsaidia. Katika hospitali kubwa kuna ofisi ya wafanyakazi wa huduma za jamii. Nendeni huko kabla ya kulipa chochote, mwulize ni kipimo gani kinalipiwa na ni kipi mtatoa mfukoni.

Si kila mashine ya mionzi inaweza kazi hii ya stereotaksi. Mwaka 2023 hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, kule Kahawa, ilipata mashine ya CyberKnife, ambayo imetengenezwa kwa kazi ya namna hii na inaweza kufuata mwendo wa pumzi. Lakini msiende huko moja kwa moja mkiwa na kikapu na pesa. Nendeni na barua ya rufaa, picha zote na majibu yote ya zamani, hata yale yaliyokunjwa chini ya godoro. Mtu wa kuuza shamba ili aende India afanye hivyo akiwa ameshasikia kwa daktari wa mionzi wa hapa kwamba uvimbe wake ni wa kutibiwa hivyo. Tumeona mashamba yaliyouzwa kabla ya skani ya kwanza.

AKISHARUDI NYUMBANI

Aliyechomwa kwa mashine ya namna hii habaki na mionzi mwilini. Anaweza kumbeba mjukuu, kula sahani moja na wenzake, kulala na mwenzi wake. Tunasema hivi kwa sababu tumeona mgonjwa akitengewa kikombe.

Atachoka kwa siku ama wiki kadhaa, kwa hiyo kikundi kimsaidie kuteka maji na kulima. Wengine huumwa na mbavu upande ule, na ubavu unaweza hata kuvunjika baadaye bila kuanguka. Jambo la kuangalia sana ni hili: kati ya mwezi mmoja na miezi sita baada ya kuchomwa, pafu linaweza kuvimba kwa ndani. Mtu anaanza kukohoa, kubanwa na pumzi, pengine na homa kidogo. Akienda zahanati ya karibu bila kueleza, ataonekana ana nimonia ama TB, na ataanzishwa dawa zisizohusika, wakati kuna dawa za kutuliza uvimbe ule zikitolewa mapema. Kwa hiyo barua ya hospitali inayosema alichomwa lini, upande gani, grei ngapi, ikae mahali ambapo watu wawili wa nyumba wanapajua, na nakala moja kwa katibu wa kikundi kama mgonjwa amekubali.

MASWALI YA KUJADILIANA

Katika kikundi chetu, ni nani amekohoa zaidi ya wiki mbili sasa hivi, na ni nani kati yetu atamsindikiza kituoni juma hili?

Je, kuna mtu aliyewahi kuambiwa picha yake ya kifua ina doa, na picha hiyo iko wapi leo?

Kama mwenzetu angehitaji safari tano za Nairobi, kikundi kingeweza kulipa ngapi bila kuuza mali ya kikundi, na zilizobaki tungezipata wapi?